Tangazo Ambalo Hussaina Hakuliona

Nasipwondi hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa nyumba ya Hussaina pale Kibokoni, akaingia hadi sebuleni na viatu vyake, yeye ambaye miaka yote ya ujirani alivivua kizingitini hata alipoitwa kuja kula. Hussaina alipoviona vile viatu juu ya mkeka alijua kuna jambo.

“Mama Lubaba, hao watu wa kazi ya Ghuba uliowatangaza wako wapi hasa? Shimanzi ni kubwa.”

“Kazi gani, Mama Ashley?”

“Ashley ameondoka na pasipoti yake. Amenitumia ujumbe nikiwa kazini kwamba ameenda usaili Shimanzi, nisimkasirikie. Nampigia, simu imezimwa.” Nasipwondi alikuwa karani wa reli, mwanamke wa bara aliyekwisha kuizoea Mombasa, na si mtu wa kupayuka. “Amesema ameliona tangazo kwako.”

Kwako, maana yake kwenye Mjini Leo, tovuti ya Hussaina, ambayo watu wa Mji wa Kale huifungua asubuhi kabla hata ya chai: nani kafiwa na anazikwa wapi, nani anaozesha, paka wa nani kapotea. Matangazo ya maduka Hussaina aliyaendesha kwa mtambo wa kukodi, huduma iliyokaa kwenye kompyuta za watu wa ng'ambo. Aliingia kwa nywila yake, akaupa mtambo picha ya duka, akauambia tangazo likae juu au pembeni, lianze lini na liishe lini. Mtambo ulifanya yaliyobaki, na ukahesabu waliolitazama. Lakini kabla ya hayo yote alikwenda mwenyewe. Aliketi kwenye benchi la mwenye duka, akanywa chai yake, akakipapasa kitambaa kwa vidole. Kitu ambacho hakukigusa hakukitangaza. Biashara Street nzima ilimcheka kwa tabia hiyo, na ikamwamini kwa tabia hiyo hiyo.

Kwa hiyo alifungua kompyuta bila wasiwasi mwingi. Kwenye orodha ya mtambo aliona wateja wake: kanga, mapazia, sufuria, fundi wa miwani.

“Hakuna tangazo la kazi hapa. Kila linalopita, nalipitisha mimi. Huenda Ashley kaona kwengine.”

“Ni kwako! Nimeliona kwa macho yangu sasa hivi, nikiwa kwenye tuktuk.” Nasipwondi akatoa simu, akaufungua ukurasa, akauleta karibu na uso wa Hussaina. Habari za msiba zilikuwepo. Pembeni palikuwa peupe. Akafunga, akafungua tena. Peupe. “Lilikuwa hapa,” akasema. “Umeliondoa? Umeliondoa na mimi nimesimama hapa?”

Bi Khatija, mkwewe Hussaina, alikuwa akichambua mchele kwenye kona. Aliuacha mchele, akaanza kusoma Kul-audhu ya kuomba kinga, chini chini.

Hapo ndipo Hussaina alipokumbuka. Nasipwondi alikuwa kama mtu wa nyumbani, na simu yake ilizoea kujiunga yenyewe na waifai ya nyumba hii. Na ni Hussaina mwenyewe aliyeuamuru mtambo usionyeshe tangazo lolote kwa simu au kompyuta iliyo kwenye waifai hiyo. Mumewe, Zoher, ana duka la kanga, na wafanyabiashara wenziwe walikuwa wakimtania kwamba jamaa zake hukaa nyumbani wakibonyeza matangazo ili hesabu ipande. Maneno yale yalimchoma Hussaina. Akaifungia nyumba yake matangazo, ijulikane kuwa mkono wake ni safi. Tangu hapo hakuwahi kuuona ukurasa wake kama mji unavyouona.

Kisha likamjia jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Baada ya Idi baadhi ya maduka yaliyaondoa matangazo yao, nafasi zikabaki tupu. Mtambo ukamwuliza, kwa upole kabisa, kama angependa zijazwe na matangazo ya wateja wa mtambo wenyewe, wa popote duniani. Hussaina alibonyeza ndiyo, akaenda zake jikoni kukaanga sambusa. Wateja hao hawakuandikwa kwenye orodha yake. Hakuwajua, wala hakuna aliyekunywa chai kwao.

Aliinuka akaizima waifai ukutani, akaufungua ukurasa kwa simu yake.

Pembeni pakajaa. Wasichana wanaotabasamu ndani ya sare za hoteli. Kazi Ghuba, bila malipo ya wakala. Usaili leo, Shimanzi, godauni la geti la buluu nyuma ya yadi ya makontena. Njoo peke yako na pasipoti yako. Usichelewe, usimwambie mtu, nafasi ni chache. Na juu yake, kwa maandishi makubwa aliyoyachagua yeye mwenyewe, jina la Mjini Leo.

“Ya Allah,” Hussaina akasema.

Aliifunga nafasi ile. Mtambo ukamjibu kwamba badiliko limepokewa na litaonekana kote baada ya muda mfupi. Hakusubiri. Alijitupia rida, vazi lake la kujisitiri, wakatoka mbio hadi kwa tuktuk ya kwanza, na njiani akawapigia polisi, akaelekeza, akaelekeza tena.

Shimanzi ni mahali pa malori, na siku hiyo malori yalikuwa yamefungana mkia kwa pua. Tuktuk ilisogea, ikasimama, ikasogea. Hussaina alimkumbuka Ashley akiwa mdogo, akija kuomba maembe ya achari pamoja na Lubaba wake. Akajaribu kuufukuza mawazoni mlango wa chuma unaofungwa nyuma ya msichana huyo, asiweze.

“Niambie ukweli,” Nasipwondi akasema bila kumtazama. “Wewe huwa unawaona watu kwanza. Hawa uliwaona?”

“Sikuwaona.”

Nasipwondi akageukia nje, akaanza kuyachungulia mageti.

Geti la buluu walilipata. Nje yake gari dogo la abiria lilikuwa limewashwa injini, mapazia ya madirisha yameshushwa, likielekeza pua ndani ya uwanja. Mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri akawatokea akitabasamu.

“Karibuni, mama zangu. Mmepotea njia?”

“Namtaka mwanangu. Amekuja kwa usaili.”

“Usaili? Hapa ni ghala la majani ya chai, mama. Hakuna msichana hapa.”

Nasipwondi hakuwa amesema mwanawe ni msichana. Alimtazama yule mtu, kisha akapaza sauti ambayo Hussaina hakujua kama anayo. “Ashley! Ashley wee!”

Halafu ndani ya godauni mtu akaanza kupiga mabati. Wakafuatia wengine, mabati yakavuma.

Tabasamu la yule mtu lilikwisha. Akampungia mkono dereva wa gari dogo, nalo likaingia uwanjani upesi, likarudi kinyumenyume hadi kwenye mlango wa godauni. Hussaina alielewa kinachotaka kufanyika. Wasichana wangepakiwa, gari lingetoka, na wao wawili wangebaki hapo wakila vumbi. Alisimama katikati ya geti. Lile gari lingempitia tu.

Nyuma yao honi ilikuwa ikilia kwa hasira. Lori la kontena lilikuwa limezuiwa na tuktuk yao, na dereva wake, Musyoka, alikwisha kutoa kichwa dirishani akitukana. Nasipwondi alimkimbilia.

“Mwanangu yuko mle ndani! Wanataka kumchukua!”

Musyoka akaacha matusi. Akaliangalia lile gari lenye mapazia, akayasikiliza mabati, akamtazama mama huyo machoni. Akamwashiria mwenye tuktuk aondoke na Hussaina asogee, akalizungusha lori lake lote, akaliegesha kwa upana mbele ya geti hadi paka asingepenya. Kisha akazima injini, akautia ufunguo mfukoni.

“Sasa tuone nani anatoka,” akasema.

Foleni yote ikasimama. Madereva walishuka kujua kulikoni, na walipojua wakarudi kuchukua vyuma vya jeki. Yule mwenye shati zuri alikuwa tayari ameketi chini, mikono kichwani, polisi walipowasili. Mlango wa godauni ukafunguliwa. Wasichana wakatoka wakikunja macho kwa mwanga, mmoja mmoja, na Ashley akiwa wa mwisho, kichwa wazi, kiatu kimoja mkononi. Nasipwondi alimkumbatia kwa nguvu, akampiga mgongoni kwa ngumi, akamkumbatia tena. Hussaina alisimama mbali kidogo akilia kwa sauti, bila haya.

“Walichukua simu na pasipoti tulipoingia tu,” Ashley alisema mikononi mwa mamake. Kisha akamgeukia Hussaina, na wala hakuwa na hasira, jambo lililomwumiza Hussaina zaidi. “Mimi nilikuwa na wasiwasi, anti. Lakini nikasema, kama liko kwa anti Hussaina, ameshaenda kuwaona.”

Hussaina alimshika mkono.

“Anti, si sisi tu,” Ashley akasema. “Kuna gari lilitangulia. Tulipofika, lilikuwa linatoka.”

Simu ya Hussaina ikalia. Ilikuwa Mama Nasiha, jirani yake wa mtaa wa nyuma, mjane mwenye binti mmoja, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha.

“Hussaina mwanangu, sabalkheri. Nimekupigia kukushukuru. Nasiha kapata ile kazi ya tangazo lako! Wamekuja kumtukua asubuhi na gari lao, watu wa heshima kabisa. Simu wasema watamrudishia akifika. Mimi nali na khofu, haki ya Mngu, lakini Nasiha kanambia, mamangu, hii ni kwa Hussaina, hawezi kututia kwa watu wabaya. Mngu akulipe, mwanangu. Mngu akuekee Lubaba wako.”

“Amina,” Hussaina akaitikia, kwa kuwa ulimi ulizoea. Polisi mmoja alikuwa akimpita, Hussaina akamkamata mkono wa shati asiondoke.

“Mama Nasiha,” akasema, “uko na nani hapo nyumbani? Mwite mtu, akae nawe. Kisha nambia gari lile lilikuwa la rangi gani.”