Ndege Iliyomnywesha Hasira

Uligeuza uso. Usinitolee macho, wewe msomaji wa hapa Ngulwita, nasema na wewe. Jana ulipita kando ya waya wa uwanja wa ndege, ukamwona Mama Mzigo amesimama kwenye majani, mbawa zimechorwa mistari ya chaki pale patakapokatwa, nawe ukajifanya unatafuta kitu kwenye simu. Sisemi ulikuwa peke yako. Mji mzima umepinda shingo. Habari mmeshaambiwa mkapiga miayo, basi leo nawasimulia ndoto. Pengine ndoto mtaisikiliza.

Kwa mgeni asiyetujua, Mama Mzigo ni jina tulilompa sisi ile ndege kubwa ya jeshi yenye pangaboi nne, iliyonunuliwa kwa kazi mbili: kubeba mizigo, na kuzinywesha ndege nyingine mafuta zikiwa huko huko angani, kwa mpira mrefu unaotoka ubavuni mwake. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, Mto Isuka ulipolila daraja na watu wa bondeni wakabaki kama kisiwani, ni yeye aliyewadondoshea mahindi. Mama zetu walikaa chini ya bawa lake wakishona gunia ndani ya gunia, la ndani limekazwa, la nje limelegea, ili la ndani likipasuka kwa kishindo cha ardhi, la nje lipokee. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Vidole vyake vilinuka mafuta ya ndege mpaka sikukuu, na hatukuona ni harufu mbaya. Mji ulikuwa na kazi moja, na kila mtu alijua jina la jirani yake.

Sasa mto umelila daraja tena. Mdogo wangu wa kike, Matika, yuko kule ng'ambo na wanawe na majirani wote wa bondeni, na kabla simu yake haijazima alinitumia maneno matatu: Kaka, tunakula mbegu. Jana asubuhi nikaenda kwenye kikao cha kamati ya maafa. Kamanda wa kikosi alisema injini zote zinawaka, marubani wapo, anachongoja ni ombi la kamati tu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Sajilo, akajibu kwamba ndege imekwisha kuuzwa kama chuma chakavu, na isitoshe hakuna aliyeiomba. "Mimi naiomba!" nikapiga kelele. Akatabasamu. "Mzee wangu, mtu mmoja si wananchi." Mmoja kule nyuma akadakia, "Mwacheni, anataka kupanda ndege ya bure huyo!" Ukumbi ukacheka. Nikatukana, nikapiga meza, nikatolewa nje nimeshikwa kwapa. Nilifika nyumbani jua likiwa utosini, nikajitupa kitandani na viatu vyangu, na usingizi ukanichukua katikati ya tusi.

Nikajiona nimesimama kwenye njia ya kurukia ndege isiyo na mwisho, nyeupe kama chumvi, na majani ya pande zote mbili yalikuwa yakinong'ona majina ya watu. Kando yake palikuwa na mji ambao nyumba zote zilikuwa na madirisha upande mmoja tu, upande usioelekea uwanjani. Wenyeji walitembea shingo zimepinda, wakigongana mabega na kuombana radhi kwa adabu kubwa. Akanipokea mwenyeji mnene mwenye kanzu safi, jina lake Bwana Baadaye. "Karibu, mzee, keti upate chai. Jambo lako tutaliangalia."

"Lini?"

"Baadaye."

"Baadaye ipi?"

"Aa, si hii inayokuja!" akasema, akacheka, akanipangusia kiti. Nikaketi, nikatazama wageni waliokaa barazani kabla yangu. Ndevu zao zilikuwa zimefika sakafuni, zimesukwa pamoja na mkeka, na chai ilikuwa imeganda vikombeni. Nikaruka kutoka kile kiti kama nimekalia kaa la moto.

Nyuma ya ile nyumba nikamkuta kijana nadhifu, kashika msasa, anasugua majina kwenye milango. Alikuwa Usahaulifu, na sijaona mtu mwenye heshima kama yeye. "Shikamoo, mzee. Umekuja kwa ajili ya nani?" Nikamtajia mdogo wangu. Akasugua kidogo hewani mbele ya mdomo wangu, kama mtu anayefuta vumbi, akasema, "Samahani, kwa ajili ya nani?" Nikafungua kinywa. Jina halikuwepo. Nilimwona mtu wangu waziwazi, kovu la kidevuni, meno yaliyopishana, lakini jina lilikuwa limetoka kama jino, na ulimi ulikuwa ukipapasa shimo. Nikajua, kwa namna unavyojua mambo ndotoni, kwamba nisipolipata lile jina hatafikiwa na mtu, maana chakula huangushwa panapotajwa jina. Nikalia. Kijana akanipa kitambaa.

Hapo ndipo akaja mwanamke mwenye ovaroli iliyochakaa, mikono myeusi kwa grisi, akanishika kiganja bila kuniuliza. "Naitwa Subira," akasema. "Usiniangalie hivyo, kaka. Watu wananifananisha na yule Baadaye, lakini yeye hukaa, mimi hufanya kazi. Twende, anaondoka." Na mbele yetu, kumbe, alikuwa Mama Mzigo mwenyewe, mzima, rangi mpya, mlango wa nyuma umeshushwa kama ulimi, na ubavuni ameandikwa KUMBUKUMBU. Tukapanda, pangaboi nne zikanguruma kwa ile sauti iliyokuwa ikitikisa vikombe kabatini nilipokuwa mtoto, na ule mji wa shingo zilizopinda ukawa mdogo chini yetu kama uchafu wa ukucha.

Nisameheni nikikawia hapa, maana na mimi nilikawia. Tumboni mwa ile ndege mwaka ule ulikuwa bado haujaisha. Palikuwa na harufu ya katani mpya na mafuta, na wanawake walikuwa wamekaa safu kwa safu wakishona, wakitaniana kuhusu waume zao, na mmoja wao alikuwa mama yangu, kijana kuliko mimi nilivyo sasa, uzi umemning'inia mdomoni. "Legeza la nje, we Tabu!" alimwambia jirani yake. "Unalikaza kama kiuno cha bibi harusi!" Wakaangua kicheko. Juu ya magunia alijilaza mwanamke mzuri mno, ameshika bomba la mafuta ya ndege anayanyonya kama togwa. Alikuwa Hamu. "Kaa na mimi, kaka," akasema, akinipigia gunia kwa mkono. "Huku daraja limevunjika kwa namna nzuri. Huku mlikuwa mnapendana." Nikakaa. Moyo ulilainika, na ningekaa mpaka leo. Lakini Subira akanivuta sikio. "Inuka. Anakunywa yasiyo yake. Hayo mafuta ni ya mwingine, na mwingine anakuja."

Akanipeleka kwenye dirisha la nyuma. Mpira ulikuwa umekwisha kukunjuliwa, unaelea mawinguni na kikapu chake mwishoni, ambamo ndege yenye kiu huchomeka mdomo wake. Kutoka chini ikapanda ndege ndogo ya vita, nyekundu, kali, inapasua hewa kama kitambaa, na nilipotazama kioo chake nikamwona rubani ana uso wangu. Hasira. "Nipe!" alikuwa akipiga kelele redioni. "Nipe sasa hivi!" Akakijia kikapu kwa kasi yake yote, akakigonga, na mpira ukajipinda kama nyoka aliyekanyagwa, ukachapa kioo chake. Akazunguka, akaja tena vilevile, akagonga tena.

"Rudi nyuma, kaka," Subira akamwambia, bila kupandisha sauti. "Njoo kwa mwendo wa Mama."

"Mwendo gani? Kule chini watu wanakufa, nawe unaniambia polepole!"

"Kwa sababu wanakufa. Tazama mshale wako wa mafuta. Una kasi kuliko sisi sote, lakini tangi lako ni dogo, umelimaliza kwa kuzunguka. Ukianguka hapa utakuwa umemsaidia nani?"

Kumbukumbu hakumkimbia wala hakumngojea; aliendelea mbele kwa mwendo wake mmoja, mbawa zimenyooka, kama anayejua njia. Yule mwekundu akapunguza, akapunguza, mpaka akawa anatetemeka, karibu kudondoka, na nikaona jasho langu usoni mwake. Akakisogelea kikapu taratibu, kwa chini, kwa nyuma. Akakipata. Mpira ukatulia, na mafuta yalipoanza kupita nikayasikia kwenye koo langu mwenyewe: vicheko vya wale wanawake, kishindo cha magunia bondeni, mikono iliyopunga kutoka juu ya mapaa, na jina. Matika. Nililitamka kwa sauti hata kioo kikapata mvuke. Hasira akajitoa kwenye mpira, hakupiga kelele tena, akainamisha bawa moja na kuelekea Isuka moja kwa moja.

"Na Mama mwenyewe je, akishawagawia wote?" nikauliza.

"Hujibakizia ya kumrudisha nyumbani," Subira akasema. "Atatua. Atawategemea watakaokuwa chini." Uso wake ukabadilika. "Unasikia msumeno?"

Nikaamka. Jua lilikuwa bado kali, kiatu kimoja kimeanguka, na jina la mdogo wangu lilikuwa mdomoni. Nikakaa kitandani nikaielewa ndoto yote kama barua niliyoisoma kwa sauti. Tumekuwa tukiukalia ule mwaka kama Hamu. Kila msiba, kila harusi, tunasimuliana tulivyokuwa watu, tunayanyonya sisi wenyewe, tunarudi nyumbani tumeshiba. Nami nilikwenda kikaoni peke yangu na moto usio na tangi, nikagonga kikapu, nikatolewa nje. Lakini kamanda yuko tayari, ndege inawaka. Kinachokosekana ni watu wa kuiomba, kwa sababu Mheshimiwa ameshatuambia kwa kinywa chake hesabu anayoijua: mtu mmoja si wananchi.

Basi tusiwe mmoja. Lori la wakataji limelala kituo cha mafuta na misumeno na mitungi yake ya gesi, na leo asubuhi linaingia uwanjani kwa geti la upande wa mnada wa mbuzi. Hakuna geti jingine linalopitisha lori. Sitaki utukane, sitaki urushe jiwe. Nataka usimame pale kati ya lori na geti, wewe na wa nyumbani mwako, mtulie, na atakayewauliza mnataka nini mumjibu: Ndege iende Isuka. Matika anakula mbegu sasa hivi unaposoma. Acha hiyo chai. Vaa, mgongee jirani mlango, mwite kwa jina lake, mtoke.