Tangazo la Kifo cha Wodi ya Upasuaji

Ngumi ya kwanza ilimkuta Dokta Dochev mikono yake ikidondosha maji. Alikuwa ndiyo kwanza amenawa mpaka viwikoni, anavuka korido kuelekea chumba cha upasuaji, mikono ameiinua juu asije akagusa kitu. Alianguka chali na bado ameiinua. Mikono hiyo ilifundishwa miaka arobaini kukaa hivyo, ikashindwa kumkinga mwenyewe.

"Mmemuua!" Krastyo alinguruma. "Mmemuua mke wangu, mbwa nyie!"

"Yuko ha..." Dokta alianza, na buti la kukatia miti likamtua mdomoni.

Stanimira, mke wa huyo Krastyo, alikuwa mzima nyuma ya mlango, amelala mezani, anasubiri kupasuliwa. Karatasi iliyomdanganya mumewe niliibandika mimi. Nasema mapema, nisije nikaonekana namsingizia mtu.

Naitwa Pavlina, sista wa upasuaji hapa Gorna Lipa kwa miaka ishirini na sita. Juma lile wizara ilituletea barua kutoka Sofia, mji mkuu: wodi ya upasuaji ifungwe mwisho wa mwezi. Wagonjwa ni wachache, madaktari hawatoshi, na kipaumbele cha taifa sasa ni hospitali kubwa za mikoa. Wodi ya wazazi walishaifunga mwaka juzi, wanawake wetu wakawa wanajifungulia barabarani, halafu mtu akakaa ofisini akaandika kwamba wagonjwa ni wachache. Madaktari vijana wote wameenda Ujerumani. Alibaki Dochev peke yake, miaka sitini na tisa, pamoja na daktari wa usingizi anayetujia kutoka mkoani Jumanne na Alhamisi. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Kwetu mtu akifa, ndugu zake huchapisha karatasi yenye fremu nyeusi, msalaba juu na picha, wakaibandika getini, kwenye nguzo, kituo cha basi, popote alipokuwa akipita. Basi wodi yetu nayo nikaichapishia ya kwake: "Kwa majonzi makubwa tunatangaza kifo cha mpendwa wetu Wodi ya Upasuaji, aliyezaliwa 1961, akauawa na jamaa zake wa Sofia." Nikaibandika kwenye mlango wa wodi asubuhi ya Alhamisi. Bawabu wetu, mzee Gencho, alicheka mpaka akapaliwa. "Pavlina wee, ulimi wako ungekuwa kisu wangetukamata wote!"

Dochev hakucheka. "Itoe hiyo, Pavlina. Hapa watu wanakuja roho mkononi."

"Nitaitoa waziri akija kuisoma," nikamjibu. Kiburi hicho, jamani! Kilikuja kunitokea puani siku ile ile.

Saa tatu jirani akamleta Stanimira, amepauka, midomo haina damu. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Damu ilikuwa inajaa tumboni. "Saa moja tunayo," alisema Dochev. "Tukizubaa hatuna." Nilimpigia simu mumewe msituni, anakokata miti. "Mkeo yuko upasuaji. Njoo." Akaja mbio na lori. Akapanda ngazi, akaona fremu nyeusi na msalaba kwenye mlango ule ule aliokuwa anauendea. Hakusoma. Nani kwetu husoma kwanza? Ukiiona fremu mlangoni, umeshajua.

Niliposikia makelele nikatoka koridoni, Krastyo alikuwa ameukamata mkono wa kulia wa Dokta. "Mkono huu! Mkono huu ndio uliomuua!" Akaubana kwenye mlango wa chuma, akaubamiza. Mara moja. Mara ya pili. Vidole vilisikika vikivunjika kama kuni kavu. Mzee Gencho alimrukia mgongoni, akatupwa ukutani.

Nilikamata kigoda cha chuma nikampiga nacho. Nilimpiga bega, nikampiga kichwa, akapiga magoti damu ikimchirizika machoni, na sikuacha. Hasira ya barua, ya miaka yote ile, yote niliimwaga kwenye kichwa cha mtu yule. "Yu hai! Mkeo yu hai, punguani we! Yuko humo ndani anamsubiri huyu!"

Krastyo aliinua uso. "Karatasi," akasema. "Mlangoni."

Niliibandua, pembe nne zikabaki na gundi mlangoni, nikamgandamiza nayo usoni. "Soma!"

Akasoma huku midomo ikimcheza, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Wodi," akasema. "Ni wodi." Kisha akageuka kumtazama Dokta, na akaanza kulia kwa sauti.

Dochev alisimama, meno mawili mdomoni hayapo. Alinyoosha mkono wa kushoto. "Nipe mkasi, Pavlina." Nikampa, akauhamishia wa kulia. Ukaanguka. Nikampa mwingine. Ukaanguka. Vidole vitatu vilikuwa vimepinda kwa upande usio wao. Alijaribu kwa kushoto, akashindwa hata kuufungua, mwenyewe akaona aibu. Daktari wa usingizi alikuwa mweupe kama chokaa. "Mimi sijawahi kufungua tumbo la mtu, Dokta. Nikijaribu nitammaliza."

"Basi ambulensi," alisema Dochev. Hospitali ya mkoa iko kilomita sitini na nane, juu ya mlima.

Tulikuwa na chupa mbili tu za damu, tukamtundikia zote. Stanimira alifumbua macho tukimtoa kwa machela. "Dokta, mkono umefanyaje?"

"Nimebanwa na mlango, mwanangu."

"Pole sana." Akamwona mumewe. "Na wewe? Nani amekupasua kichwa?"

"Sista," alisema Krastyo. "Nilikosea."

"Wewe kila siku unakosea," akamwambia, akamshika kidole.

Polisi walishafika na pingu. Krastyo aliwaangukia miguuni. "Mwacheni aende na mkewe," alisema Dochev. "Mtamfunga baadaye." Nao wakakubali, askari mmoja akapanda mbele na dereva.

Ndani ya ambulensi Stanimira alizimia tena, nikawa naminya mfuko wa kumpulizia hewa kwa mikono miwili. Tulipoanza kupanda kona za mlima, mapigo yakapotea. Nilimkandamiza kifua mpaka mbavu zikalia, nikamtukana, nikambembeleza, nikamwambia tumekaribia na hatukuwa tumekaribia. Kilomita ya hamsini na moja niliacha. Krastyo alinitazama, akaelewa, akaanza kuupiga ukuta wa gari kwa ngumi, tena na tena, mpaka mifupa ya mkono wake mwenyewe ikatoka nje. Nilimwacha apige. Ningekuwa na nafasi ningepiga na mimi.

Wizara haikungoja mwisho wa mwezi. Wodi ilifungwa Jumamosi. Barua ilisema hakuna daktari wa upasuaji.

Siku ya tatu alikuja mama yake Krastyo, amejifunga kitambaa cheusi, na karatasi yenye fremu nyeusi mkononi. Picha ya Stanimira ilikuwa ya siku ya harusi, anacheka. Nyingine alikuwa amezibandika mji mzima, ikabaki hiyo moja. Alisimama mbele ya mlango wa wodi, akazitazama zile pembe nne zilizobaki na gundi yangu.

"Ile nyingine aliibandika nani?"

"Mimi, mama."

Alinisogelea. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Akanipa karatasi na gundi.

"Basi na hii ibandike wewe."

Nikaibandika. Ilienea sawasawa mahali pa ile ya kwanza.