Mashine Isiyokunywa Maji

Kaburi la mume wangu lilichipua wiki ya kwanza ya mvua. Lilianza jani moja lililojikunja, nikadhani ni gugu tu, nikaliacha. Lilipofunguka likawa jani la mgomba, pana, la kijani kibichi, katikati ya tuta la udongo ambalo nililifagia mwenyewe kila Jumamosi. Ndoo ya maji ilinitoka mkononi.

Balthazar hakuwamo mle kaburini. Alipotelea Ziwa Rukwa, mwili haukuonekana, na katika ukoo wake mtu asiyeonekana huzikwa kwa mgomba. Hukatwa shina la kimo chake, likavishwa sanda, likaliliwa kama mtu. Mchungaji alikataa kuja kuuombea mgomba, wazee hawakumsubiri. Vijana waliotumwa shambani walipaswa kukata shina tu, lakini kwa uvivu wa kunoa panga, au kwa bidii isiyoombwa, wakaung'oa pamoja na tunguu lake la chini, lile linalotoa machipukizi. Nasi tukauzika hivyohivyo. Sasa nani akawaeleze watu habari za tunguu? Kijiji chetu chote, Iyula, kilisema Balthazar hajalala.

Mimi niliamini kuliko wote, maana nilikuwa na langu ambalo sikumwambia mtu. Tangu msiba, zilikuwepo siku nilizorudi kutoka shambani nikakuta stoo ya kahawa inanuka oili mbichi. Na mara nyingine, kabla sijafika uani, nilisikia kutoka mle ndani kamba ikivutwa polepole, krrr, krrr, kisha kimya. Nilipochungulia hapakuwa na mtu. Palikuwa na magunia, na mashine ya boti ya Balthazar imesimama chini ya blanketi. Nilimuuliza mama mkwe wangu, mama Enesi, kama amesikia chochote. Alisema masikio yake ni ya uzee, akaendelea kuchambua maharage.

Ile mashine Balthazar aliinunua mwaka wanunuzi binafsi walipoanza kuigombania kahawa yetu kwa malori yao. Wenzake waliezeka bati kwa pesa za kahawa. Yeye alirudi na injini ya boti, mtu wa milimani asiyejua kuogelea. Akawa anateremka bonde la Momba kuvua ziwani pamoja na Ngusa, mfugaji aliyehamia kule bondeni, na msimu ukiisha anaipandisha mashine huku juu, mbali na joto na wezi.

Kuihifadhi ilikuwa ibada. Aliisimamisha ndani ya pipa la maji ya kisima, akaiwasha iteme maji ya magadi ya Rukwa. Akafunga petroli na kuiacha ingurume mpaka izimike yenyewe, kabureta ibaki kavu. Kisha akachomoa plagi, akamimina kijiko cha oili kwenye tundu lake, akavuta kamba taratibu oili ienee, akairudisha plagi. Kila mwezi alirudia oili na kamba. Alisema mashine ikikaa kavu ndani inakufa imesimama. Mimi nilimshikia spana, mama yake alimshikia kopo. Wivu nilikuwa nao, wala sifichi. Blanketi lile lilikuwa la kitandani kwetu.

Ngusa ndiye aliyetuletea habari, na mashine pia. Alisema upepo uliipindua boti, Balthazar akazama, na mashine ikaopolewa topeni kesho yake. Alisema hayo macho yakiwa kwenye viatu vyake. Mama Enesi hakulia. Hata siku ya kuuzika mgomba hakutoa chozi, na watu wakasema uchungu umemkausha. Aliagiza tu mashine iwekwe stoo, isimamishwe vizuri.

Basi kaburi lilipochipua, shemeji yangu Shadrack aliwaita wazee. Katika ukoo wao zana za marehemu huvuliwa mpini, jembe, shoka, nyengo ya kufyekea, ili asizirudie kuzifanyia kazi. Za Balthazar zilivuliwa zote, ila mashine ilisahauliwa. Shadrack alisema ivuliwe leo, mgomba ukatwe, na mimi nivue nguo nyeusi, mambo yaishe. Kwake yalikuwa mepesi. Mimi nilikuwa nalala kila siku na mume ambaye si hai wala si maiti, na nilitaka kujua jambo moja tu: amekufa, au hajafa. Lolote kati ya hayo mawili ningelibeba.

Wakabishana mpini wa mashine ni upi. Mmoja alisema ni ule mkono wa kuongozea, mwingine alisema ni kamba. Shadrack akaamua ni pangaboi, maana ndilo linalolima maji. Nikaitwa kulifungua, kwa kuwa mwenye kuzijua spana nilibaki mimi. Nilipolitoa, mkono kwa mazoea ukaenda na kwenye plagi. Nilitegemea kutu. Mashine iliyozama kwenye magadi, ikakaa miezi bila kuguswa, hushikana ndani isifae tena. Plagi ilitoka inang'aa, inadondosha oili mpya. Nikavuta kamba, ikaja laini.

Mzee mmoja aliokota kofia yake akaondoka, wengine wakamfuata. Shadrack naye akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe hajamfunga. Pangaboi lilibaki palepale sakafuni, na plagi juu ya gunia.

Woga ulinishika, lakini chini ya woga kulikuwa na furaha. Basi anakuja, nilijiambia. Kama anaijia mashine, iko siku atanijia na mimi. Kesho yake nilitoka na jembe mapema kama kawaida, nikazunguka kwenye mibuni, nikarudi kwa nyuma ya stoo. Jua lilikuwa utosini. Nikasikia krrr. Nikasukuma mlango, nikamwita kwa jina la mtoto wetu, "Baba Imelda."

Alikuwa mama Enesi, amepiga magoti mbele ya mashine, kopo la oili mkononi.

Hakushtuka. Alisema tumeiacha wazi jana, vumbi lingeingia. Nilimuuliza ameanza lini kazi hii, akajibu ni tangu ilipoletwa. Kisha akaweka kopo chini.

"Mama Imelda, mashine hii haijanywa maji," alisema. "Nilichomoa plagi siku ileile Ngusa alipoileta. Ndani ilikuwa na oili, kabureta kavu. Mtu anayezama hapati nafasi ya kumaliza petroli na kutia oili."

Alikuwa amemfuata Ngusa mpaka njia iendayo Mpemba na kumbana, na Ngusa akatapika yote. Balthazar alivuka mpaka pale Tunduma kwenda Zambia, kwa mwanamke, na maneno ya upepo na tope alimfundisha Ngusa aje ayaseme. Mama alikuwa anaitunza mashine ili mwanawe aikute nzima siku atakayorudi.

Nikakaa juu ya gunia. Hasira ilinipanda taratibu. Mtu alikuwa anamwacha mke, mtoto na mama, na bado alikumbuka kijiko cha oili. Mashine aliiaga vizuri.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Mjane hupewa pole," alisema. "Aliyeachwa huchekwa. Nilikuchagulia, mwanangu."

Alinyoosha kopo kwangu. Alisema mikono yake imechoka kuvuta kamba, na kwa kuwa sasa najua, niamue mwenyewe la kufanya. Nililiweka kopo kando, nikaenda jikoni. Nilirudi na kikombe cha maji niliyoyakorogea chumvi mpaka ikagoma kuyeyuka. Mama alikitazama kikombe, akanitazama usoni, hakunizuia. Nikamimina pale pa oili, polepole, mpaka maji yakarudi juu kwenye tundu, kama mashine iliyozama. Nikaisokota plagi kwa spana kwa nguvu zangu zote, halafu nikalichukua blanketi langu.

Hapo ndipo mama Enesi alipolia. Alilia kilio cha msiba, kile ambacho Iyula ilikuwa imekisubiri kwake tangu siku ya mgomba, akimtaja Balthazar kwa jina lake la utotoni. Nilimpakata palepale sakafuni. Majirani walikuja mbio kutoka mashambani, na kwa kuwa walijua analiliwa nani, hawakuuliza. Shadrack alichukua jembe akaenda kaburini kuung'oa mgomba, safari hii na tunguu lake. Wanawake wakakaa nasi wakitupa pole mmoja mmoja, na sote wawili tukazipokea.