Wifi Nyuma ya Kochi

Mimi ni fundi wa makochi, na jioni nasoma Kihispania kwa sababu nimekipenda tu. Juzi mwalimu aliandika ubaoni neno respaldo. Akasema kwanza ni egemeo la kiti, halafu ni mtu anayekuunga mkono mambo yakikwama. Akataka kila mmoja wetu aje na mfano wa hiyo maana ya pili. Nikarudi karakana kichwa kitupu.

Nilimkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, amemalizia kochi nililoliacha nusu. Egemeo lote alikuwa amelivisha kitambaa ndani nje.

“Wifi, huna macho?”

“Ninayo. Ila mteja anakuja asubuhi, na wewe ukikosa darasa unanuna wiki nzima.”

Nikaanza kung'oa misumari. Bila kuambiwa, wifi akazunguka nyuma ya kochi, akakandamiza mgongo wake kwenye fremu isicheze, kama afanyavyo kila ninapovuta kitambaa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kochi halikusogea hata kidogo.

“Leo mmefundishwa nini?” akauliza kutoka huko nyuma, nisikomwona.

“Neno moja tu. Respaldo.”

“Ndiyo nini hiyo?”

Nikachukua nyundo.

“Ni wewe, wifi. Na asante.”

“Haya, gonga msumari basi. Mgongo unaniuma.”