Mtungi Uliopakatwa

Usiku wa kuamkia leo niliota wanawake wa mtaa wetu wamekuja kumwona mtoto.

Sina mtoto. Mimi na mume wangu Mwadime tuna viinitete vinne, mimba zilizotungwa maabara na kugandishwa kwenye kliniki moja ya mjini, na asubuhi ya leo ndiyo siku niliyopangiwa kupandikizwa kimoja. Hayo ni ya macho. Ya ndotoni yalikuwa na taratibu zake.

Ndotoni wanawake wamejaa sebuleni. Wameleta chupa za uji wa pilipili manga, sukari, leso na sabuni, kama desturi ilivyo. Mbele yao kakaa Bi Mwanasiti, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Huyu hajawahi kuniita kitu kingine ila "mke wa Mwadime," maana kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, na asiye na mwana huazima la mumewe.

"Hongera, mama," ananiambia. "Mama nani vile?"

"Bi Mwanasiti, mtoto mwenyewe bado."

"Bado nini? Sheria imepita. Mtu ni mtu tangu anapotungwa. Mlete tumpakate."

Naenda kumwambia kwamba hapakatiki, lakini mlango wa chumba changu cha kulala unafunguka na ndani si chumbani tena, ni kliniki. Unatoka mtungi. Ni ule wa kugandishia, wa bati zito, mfano wa ule anaofunga nyuma ya pikipiki bwana wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa kule kwetu. Unatembea kwa kuburuza kitako.

"Hodi," unasema. "Nishikeni taratibu, nimebeba watu."

Wanawake wanaupokea. Unapita paja kwa paja, na kila unapopita leso zinakuwa nyeupe kwa barafu, na mapaja chini ya leso nayo yanakuwa meupe. Hakuna anayelalamika. Bi Mwanasiti anachungulia kwenye mdomo wa mtungi, ukungu unamfunika uso.

"Huyu kachukua pua ya baba yake."

"Hana pua," nasema.

"Kisheria anayo," unajibu mtungi.

Na kusema kweli, nilifurahi. Nimebeba masinia kwenye arobaini za watoto wa watu mpaka mikono ikaota sugu, nikisikia wenzangu wanavyoitwa, mama fulani, mama fulani, na mimi nikipita katikati yao kama mgeni. Sasa wamekuja kwangu, na uji wameleta. Nilikaa kitako nikainywa furaha yangu bila kuuliza sheria hiyo imetoka wapi.

Ndipo akaingia afande. Ni mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya mkunga. Anakaa karibu yangu na kunishika goti.

"Tumewakuta wanne," anasema. "Wa tano yuko wapi?"

Nilijua anamsema nani. Mwaka jana kabla ya mvua nilipandikizwa, mimba ikashika, kisha ikaharibika. Mimba haikaliwi matanga. Mama mkwe alisema Mungu atatoa mwingine, chungu cha wali kikatiwa maji, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mkaa. Hakuna aliyeniuliza lolote. Huyu afande wa ndotoni ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza yuko wapi.

Sebule imekuwa barabara. Tunapita mimi, afande na mtungi, wanawake wako nyuma. Kwenye kila nguzo ya umeme kuna tangazo limebandikwa: AMEPOTEA. Chini yake kuna picha, na ndani ya picha hamna kitu, ila ukiikaribia unasikia joto.

"Mara ya mwisho alionekana wapi?" anauliza afande.

"Hakuonekana."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Alikuwa amenivaa mimi."

Afande anatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikia jibu hilo kila siku.

Barabara inaishia kwenye chumba cha kupimia wagonjwa, na humo ndimo mahakama inamokaa. Daktari wangu hayupo. Koti lake jeupe limeachwa kitini, na koti ndilo linalonipokea.

"Mwenyewe ameondoka," linasema koti. "Alipiga hesabu akaona mkono ukiteleza mara moja tu, ameua mtu. Ameenda kufungua duka la vioo."

Hakimu ni kitanda cha kupimia, kile chenye vyuma viwili vya kuwekea miguu. Vyuma kaviinua juu kama aombaye dua. Nimelala juu ya kitanda hicho mara nyingi mno, lakini leo kimeniangalia kama hatujawahi kujuana.

"Sema haja yako," kinasema.

"Mheshimiwa, naomba nipandikizwe mmoja."

"Yupi?"

"Atakayeonekana ana nguvu."

"Unataka watu wabaguliwe kwa nguvu zao?"

"Basi wote."

"Wanne kwa pamoja watakuua. Ukifa, nao wamekufa. Hilo ni jaribio la mauaji."

"Basi wabaki kwenye mtungi."

"Umewatelekeza watoto kwenye baridi. Hilo nalo lina kifungu chake."

Wanawake nyuma yangu wanaguna. Bi Mwanasiti ananinong'oneza, "Usibishane nacho. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Sasa mimi nifanye nini, Mheshimiwa?" nikauliza. "Mimi mwenyewe sheria inanisemaje?"

Kitanda kinafikiri. Vyuma vyake vinalia kidogo.

"Wewe hujatajwa," kinasema, bila ubaya wowote.

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Baridi ya mtungi imenifika miguuni. Ndani yake nasikia sauti ndogo, si za watoto wala za watu wazima, zinauliza kwa zamu.

"Huko nje kukoje?"

"Kuna joto," nawaambia.

"Joto ni nini?"

Nililia mbele ya mahakama, nikalia kwa sauti, na koti la daktari likanipa mkono wake mtupu nijifute. Nilichotaka ni kimoja tu, kumtoa mmoja wao humo nimpe joto asilolijua. Ningefanya lolote, na kitanda kililijua hilo, maana sauti yake ikawa laini ghafla.

"Iko njia," kinasema. "Mzazi anayewatambua wanawe husikilizwa. Yule wa tano alikuwa na jina?"

Alikuwa nalo. Kwa kina Mwadime binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na hilo halina mjadala. Lakini siku ile mimba ilipotoka nilijifungia bafuni, nikafungulia maji yapige kelele, nikampa jina la bibi yangu aliyenilea. Sikumwambia Mwadime. Sikumwambia mama yangu. Hata Mungu nilimwambia kwa siri.

"Litaje," anasema afande, na mkono wake uko gotini pangu tena. "Hatafutwi mtu asiye na jina."

"Mghoi," nikasema.

Vigelegele vikapasua chumba. Wanawake wamesimama, leso zenye barafu zinapukutika, wanaruka, wanapiga makofi, Bi Mwanasiti analia machozi ya kweli. "Mama Mghoi! Mama Mghoi!" Miaka yote nimelisubiri neno hilo. Lilinipita mwilini kama uji wa moto.

"Mama Mghoi," kikaita kitanda.

"Abee," nikaitika.

"Ameitika," kinasema kitanda. "Amekubali alikuwa mtu. Amekubali alikuwa kwake. Na hayupo."

Mkono wa afande umetoka gotini, umenishika kiwiko. Bado ni mpole. Wanawake wanakusanya chupa zao za uji, wanazifunga vizuri, wanatoka mmoja mmoja bila kuniangalia. Bi Mwanasiti amechukua na ile sabuni.

"Na hawa?" nauliza. "Hawa wanne?"

"Watasubiri utoke kifungoni," anasema afande.

"Nitatoka lini?"

Mtungi umeanza kujifunga, na mfuniko hauvutwi na mtu, unavutwa kutoka ndani. Kabla haujakaza nikasikia zile sauti ndogo, zote kwa pamoja.

"Mama Mghoi, na sisi tunaitwa nani?"

Nikaamka.

Kumepambazuka. Bafuni Mwadime ananyoa ndevu huku akipiga mluzi, na begi letu liko mlangoni, limefungwa tangu jana. Nilijishika magoti, yana joto. Nikamshukuru Mungu, nikajiona mjinga, nikaanza hata kutabasamu.

Simu ikalia. Ilikuwa kliniki, yule dada wa mapokezi mwenye adabu nyingi. Siku zote ananiita "madam."

"Habari ya asubuhi," alisema. "Samahani kwa kukuamsha. Naongea na Mama Mghoi?"

Mwadime amechungulia kutoka bafuni, povu limejaa kidevuni. "Ni kliniki hao? Waambie tuko njiani."

"Halo?" anasema dada. "Tumekuandalia kila kitu, daktari naye ameshafika. Nahitaji tu uitike, ndiyo tuendelee. Mama Mghoi?"

Mwadime ananionyesha kwa mkono, jibu basi. Nimeishika simu kwa mikono miwili. Sijaitika.