Shimo la Figili

"Nitakula viazi hivi vyeusi mpaka sikukuu ya Mtakatifu Yohane," alisema Leocadia, akibonyeza kwa vidole viazi vilivyogandishwa na kukaushwa, ambavyo alikuwa ameviloweka tangu asubuhi. "Ikifika siku hiyo na uani humu hamna jani la kijani, nahamia kwa Herminia."

"Kutembea?" aliuliza mumewe.

"Kuhamia, Casiano. Sijasema kutembea."

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemvuta kope la chini, akaona weupe pale palipopaswa kuwa pekundu, akamwambia kuwa damu yake imepungua na kwamba ale mboga za majani kila siku. Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Katika ukingo wa El Alto, mji wa uwanda wa juu wenye baridi kali, ambako hata nyasi huota kwa kusitasita, ulikaribiana sana na kumshauri mtu ale samaki wa baharini. Mboga zilikuwepo sokoni, lakini zilikuwa zimepandishwa kutoka mabondeni, zikafika zimechoka wakati bei yake ingali na nguvu. Herminia, dada yake Leocadia, aliishi huko mabondeni, Luribay, mahali ambapo spinachi huota hata penye njia ya kuendea chooni.

Casiano Ninavia alikuwa amechimba madini ya bati tangu ujana wake hadi serikali ilipofunga migodi na kuwatawanya watu wake kama makapi. Hakuwahi kupanda kitu. Aliamini, bila kuwahi kulisema, kwamba vyote vyenye thamani hutolewa chini ya ardhi kwa nguvu, na kwamba vinavyojitokeza vyenyewe juu yake ni vya mbuzi. Hata hivyo alimpenda mkewe, kwa namna ya wanaume wasiozungumza, na wazo la kubaki peke yake katika nyumba ile ya matofali ya udongo, akisikiliza kifua chake kikikoroma, lilimtisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Akaenda kwenye mafunzo ya kilimo ya parokia.

Bwana shamba alikuwa kijana mchangamfu mwenye viatu safi. Alisema anayeanza aanze na visivyomuaibisha: figili, spinachi, saladi, vitunguu vya majani. Figili, alisema, haihitaji akili. Mwezi mmoja tu na iko mezani. Kwa sababu ya baridi, kila mtu achimbe shimo la kumfika kifuani, aliezeke kwa nailoni iliyoinamia kaskazini, upande linakopitia jua, aweke mlango upande mmoja na dirisha upande wa pili. Adhuhuri vifunguliwe, jioni vifungwe. Hayo ndiyo yote.

Katika hayo yote, Casiano alilisikia vizuri neno moja: shimo.

Alichimba kwa furaha ambayo Leocadia hakuwa ameiona tangu wafike pale. Alipofika kifuani hakusimama. Alifika shingoni, akafika utosini, akaanza kusimamisha magogo ya kuegemeza kuta kama mtu anayetazamia mlima umwangukie. Eulogio, jirani aliyewahi kuchimba naye zamu moja, alikuja kuchungulia.

"Ndugu yangu, unatafuta saladi au unatafuta bati?"

"Natafuta utulivu. Toka hapo, unanizibia mwanga."

"Mwanga gani? Huko ulipo hata popo angeomba tochi!"

Ilibidi arudishie udongo mpaka jua lifike chini. Akaingiza samadi ya kondoo, akatengeneza matuta, akashusha ngazi. Kisha, pembeni nyuma ya gogo, akaweka majani machache ya koka na sigara moja iliyowashwa. Mgodini huwa kuna Mjomba, sanamu ya udongo yenye pembe, mwenye madini yote, ambaye wachimbaji humlisha moshi na koka ili asiwale wao. Casiano aliwahi kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Alikuwa amesoma vijitabu vilivyothibitisha kwamba miungu ilibuniwa na wenye mali. Alikubaliana na vijitabu hivyo kikamilifu. Sigara aliiweka tu.

Leocadia alifika na mbegu katika aproni yake, akageuka, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Usishuke," alisema Casiano.

"Kwa nini? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nipe tu mbegu."

Alimtazama kutoka juu, mguu mmoja bado hewani. Alikuwa binti wa wakulima. Kisha alikuwa mke wa mchimbaji kwa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba Mjomba hataki wanawake: mwanamke akiingia, mshipa wa madini hujificha. Miaka ya nyuma mke wa mhandisi aliingia mgodini akiwa na kofia mpya na kamera, na kabla ya wiki kwisha mshipa ulipotea. Mishipa ilikuwa ikipotea kila mara, wageni wakiwepo au wasiwepo, lakini huo ndio uliokumbukwa.

"Casiano. Hili ni shimo la figili."

"Najua."

"Unaogopa spinachi itaniona ikimbilie mwambani?"

Casiano aliona haya, na haya hiyo ikamfanya awe mkali. "Nimesema nipe mbegu, mwanamke! Kazi ya chini ni yangu."

Leocadia akamwaga mbegu kwenye ukingo wa shimo, akaenda zake.

Casiano alipanda kwa njia aliyoijua. Alichukua chuma, akatoboa matundu ya kina cha mkono, akatia mbegu kila tundu na kulishindilia udongo, jinsi baruti inavyoshindiliwa kabla ya kulipuliwa. Alingoja. Leocadia alikuja mara kwa mara kusimama ukingoni.

"Umezipanda au umezizika?"

"Zinajiandaa."

"Kwa Kiyama? Mbegu ya saladi ni ndogo kama chawa, mzee wangu. Ifunike kama unavyomfunika mtoto mgonjwa, asihisi uzito. Na figili, kina cha kucha. Basi."

Akapanda upya. Figili zilichomoza katika mstari uliopinda, zikafuatwa na spinachi, halafu saladi, nyepesi kiasi cha kutia wasiwasi. Mapema Juni, kila alasiri, Leocadia aliketi ukingoni juu ya kigoda na kuamuru kama nahodha: mwagia hapo, usimwagie pale, hizo zimesongamana, zing'oe moja moja. Casiano alitii chini bila kubisha. Walizungumza kupitia nailoni iliyokunjwa zaidi ya walivyozungumza mezani katika miaka yote ya ndoa, na siku moja Casiano alimsikia akicheka.

"Niache nishuke nizipunguze mwenyewe," alisema Leocadia siku hiyo. "Vidole vyako ni vya kuvunjia mawe. Dakika mbili tu."

Casiano aliyatazama majani. Yalikuwa yake ya kwanza, na yalikuwa mazima. "Mwakani," alisema.

Leocadia alichukua kigoda chake akaingia ndani. Hakununa. Kama angenuna, pengine Casiano angelishughulikia jambo lile.

Wiki moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, vumbi la mgodi alilokuwa nalo kifuani lilidai haki yake. Alikohoa damu kwenye ndoo ya kumwagilia, na Eulogio akasimamisha teksi ya kumshusha hospitalini La Paz. Leocadia alimfunga shali shingoni.

"Nani atafungua adhuhuri?" aliuliza kwa sauti ya kawaida.

Mlango ulikuwa chini, mwisho wa ngazi. Dirisha lilikuwa ng'ambo ya matuta. Asingeweza kuvifikia bila kushuka, na wote wawili walilijua hilo. Casiano alifumbua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa jepesi kutamkwa hata kwa mtu mwenye pumzi chache. Akageuza shingo.

"Eulogio. Utanishikia lile shimo?"

"Nenda ukapone, ndugu. Saladi nitazibembeleza kama wajukuu."

Eulogio alisema kweli kutoka moyoni. Lakini alikuwa mchezaji wa kundi la ngoma, na Jumamosi ile ilikuwa ya Gran Poder, sikukuu ambayo hakuna mwanamume wa kundi anayerudi kwake siku aliyoahidi. Adhuhuri jua la uwanda liligonga nailoni iliyofungwa, na shimo likawa sufuria yenye kifuniko. Nailoni iliungua na kupasuka upande mmoja, na asubuhi barafu ikaingia kumalizia palipobaki.

Casiano aliporudi hakuhitaji kushuka. Matuta yalilala meusi na laini, na harufu ilikuwa ya supu iliyochacha.

"Ulikuwepo," alimwambia mkewe.

"Nilikuwepo. Niliketi pale kwenye kigoda."

"Uliona zikifa?"

"Nilizitazama. Saladi ndiyo iliyotangulia."

"Kwa nini hukushuka, Leocadia? Ngazi ilikuwepo!"

"Ulimpa Eulogio."

"Eulogio ni mlevi!"

"Ni mlevi, ndiyo. Na bado ulimpa yeye."

Casiano alikaa kwenye ukingo, akipumua kwa shida. Kisha akasema kile ambacho kingefaa siku ya teksi: "Shuka sasa. Shuka tuanze upya, upande wewe mwenyewe. Figili ni mwezi mmoja tu."

"Sina mwezi," alisema Leocadia, si kwa ukali. Alikuwa amekwisha kukunja blanketi. Uso wake, katika mwanga ule mkali, ulikuwa na rangi ya mshumaa, na Casiano aliona kwamba alikuwa akiutazama uso huo kila siku kutoka chini kwenda juu, dhidi ya jua, bila kuuona. Leocadia aliondoka na lori la kwanza.

Casiano alipanda mbegu upya, peke yake. Alibadilisha nailoni, akafukia kina cha kucha, akafungua adhuhuri na kufunga jioni. Bwana shamba hakuwa amedanganya: figili hazihitaji akili. Zilitoka nyekundu, zikajaa mikono. Yeye mwenyewe hakuwahi kupenda mboga. Alijaza kapu, akalifunika kwa gunia lenye maji na kumkabidhi Don Macario, dereva wa lori la Luribay.

"Unapeleka figili Luribay?" Macario alishangaa. "Huko wanalishia nguruwe!"

"Peleka tu."

Macario aliporudi, Casiano alikuwa akimngoja stendi katikati ya vumbi.

"Alisema nini?"

"Anashukuru. Anasema mmechelewa wote, wewe na hizo figili zako. Zimekomaa mno, zina uwazi katikati."

"Basi? Hakusema lingine?"

"Ni hilo tu."

Casiano aliitikia kwa kichwa, akauliza swali ambalo alikuwa ameliacha la mwisho. "Na yeye, hali yake?"

"Leocadia?" Macario alifunga komeo la lori na kupangusa mikono. "Mzima kabisa. Ana rangi. Mashavu mekundu, hutamjua."

"Vizuri," alisema Casiano, na akaendelea kusimama pale mpaka lori lilipoondoka.