Matamvua ya Tamsin

Jumanne jioni, siku mbili kabla ya uchaguzi wa madiwani, Gaynor Threlfall alikuwa akikaanga soseji hodi ilipopigwa. Mlangoni alisimama diwani Ormshaw, ua la utepe wa chama kifuani.

"Dada Gaynor, tukutegemee Alhamisi?"

"Ingia uone kwanza, mheshimiwa."

Maji yalitiririka ukutani na dari ilikuwa nyeusi kwa kuvu. Bintiye, Tamsin, alijilaza kwenye kochi akitazama katuni. Majira yote ya baridi alikuwa amekohoa mpaka midomo ikageuka buluu. Mwezi Machi akaota matamvua chini ya masikio, kama ya samaki, mekundu, yakifunguka na kujifunga. Kikohozi kikakoma. Daktari alisema yameota vizuri, ila yasiachwe yakauke.

Diwani aliinama akayatazama.

"Yanauma?"

"Nikiwa nje tu," alisema Tamsin. "Shuleni najifunga taulo la maji shingoni. Wananiita Samaki na Chipsi."

"Nimeililia ofisi yenu ya nyumba za halmashauri tangu huyu hajaanza shule," alisema Gaynor. "Mngeutengeneza ukuta, mwanangu asingeota haya."

"Nitalishughulikia mwenyewe, kabla ya kura."

"Uchaguzi uliopita mlisema hivyo hivyo."

"Safari hii utaona."

Na kweli, Alhamisi asubuhi wakaja mafundi wawili. Gaynor akawapikia chai ya maziwa kwa furaha. Mafundi hawakuugusa ukuta. Waliziba nyufa za madirisha kwa gundi, wakang'oa feni ya kutoa unyevu bafuni, kisha wakaanza kuifungua ukutani hita ya kupashia nyumba joto.

"Jamani, mnafanya nini?"

"Halmashauri ilikaa jana, dada," alisema yule mzee zaidi. "Mtoto anahitaji unyevu. Wakiukausha ukuta watamdhuru. Wameona nyumba inamfaa mpangaji."

Gaynor alibaki na birika mkononi.

Yule fundi mzee alimwangalia chini ya masikio, kwa huruma.

"Wewe bado?"

"Bado," alisema Gaynor, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa yake.

"Usijali. Yatakuja."

Akanywa chai yake, akashukuru, akaibeba hita chini kwenye gari.

Ijumaa mchana Ormshaw alitangazwa mshindi. Katika hotuba yake alimtaja Tamsin kwa jina, kama mfano wa ahadi iliyotimizwa, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.